Miezi 27 bandani: kisa cha CG125 ya Muheza

Pikipiki niliyoitiwa Muheza mwezi Juni 2024 ilikuwa imekaa banda la kuni kwa miezi 27. Mwenyewe ni afisa ugani mstaafu aliyezoea kuipandisha njia ya mlimani ya Amani. Alipata kiharusi Machi 2022, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa mpaka binti yake alipoihitaji kubebea machungwa kutoka shambani. Waliponipigia simu walikuwa wameshahangaika kuiwasha siku mbili. Kisa hiki nakiandika kwa sababu ya hizo siku mbili. Kukaa kuliiumiza pikipiki ile, ni kweli, lakini baadhi ya majeraha niliyoyakuta yalikuwa mabichi, na kazi za namna hiyo naletewa mara kwa mara gerejini Tanga.

Ni CG125 ya Kichina, ya ukoo wa ile Honda iliyotoka mwaka 1976: silinda moja, inapozwa na upepo, valvu zinasukumwa na fimbo. Ni injini mvumilivu kuliko nyingi ninazozijua. Jambo moja la umbile lake lishikwe mapema: moto wa plagi yake hautegemei betri. Unazaliwa kwenye koili iliyoko ndani ya magneti, unapita kwenye CDI, kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche, kisha koili ya juu, kisha plagi.

Nilipofika nilimkuta mzee kibarazani, mkono wa kulia umelala pajani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba taratibu. Binti alitaka kunipeleka bandani moja kwa moja. Nikamwambia, "Dada, niache kwanza niongee na mzee." Maneno yanamtoka kwa shida, lakini kumbukumbu yake ni nzima. Nilimuuliza mambo matatu. Siku ya mwisho ilikuwa inawaka vizuri? Akaitikia kwa kichwa. Oili ilibadilishwa lini? Akamtuma mjukuu alete daftari, na humo, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika ripoti maisha yake yote, nikasoma: Februari 2022, oili lita 1. Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na kukikata katikati kwa dole gumba. Nusu.

Kisha akasema neno moja: "Koki."

Binti akanieleza. Baba yake alikuwa na desturi ya kufunga koki ya mafuta kila anaporudi nyumbani. Siku aliyoanguka alikuwa mjini, na pikipiki ililetwa na kijana wa jirani. Toka hapo amekuwa akiuliza kama koki ilifungwa, na nyumbani hakuna aliyeelewa anachouliza. Wengine walidhani ni maradhi yanasema.

Nilikwenda bandani, nikainama. Koki ilikuwa wazi.

Sasa hizo siku mbili. Mpwa wa mzee na vijana wawili wa kijiwe cha bodaboda walikuja kusaidia, bila kudai hata senti, kwa kuwa mzee aliwahi kuwasaidia wao. Siwalaumu kwa nia yao. Siku ya kwanza kiki ilikataa kushuka. Mmoja akaisimamia kwa uzito wake wote, ikagoma. Wakatia gia ya pili wakaisukuma mteremkoni. Tairi la nyuma likaburuzika bila kuzunguka mpaka, kwa mujibu wa mpwa, "injini ikaachia ghafla", nao wakafurahi. Siku ya pili wakanunua plagi mpya, wakamimina lita 2 za petroli mpya juu ya ile ya zamani, wakapiga kiki kwa zamu mpaka miguu ikauma. Haikukohoa hata mara moja. Mpwa akaamua tatizo ni betri, na alikuwa njiani kwenda kununua nyingine binti aliponipigia.

Pale injini "ilipoachia" ndipo pananiuma zaidi. Kiki ya pikipiki iliyokaa muda mrefu ikigoma, maana yake mara nyingi ni kwamba ringi za pistoni, pete za chuma zinazoizunguka, zimeshikana kwa kutu na ukuta wa silinda. Kutu hiyo hulainika. Unatoa plagi, unamimina ndani kijiko kimoja au viwili vya oili nyepesi, unaacha usiku kucha, hata siku mbili, kisha unatia gia ya juu kabisa na kulivuta gurudumu la nyuma kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Gia ya juu inaurahisishia mkono kuizungusha injini, na mkono una faida yake: ukihisi ukinzani, unasimama. Kusukuma mteremkoni hakuna huruma hiyo. Uzito wote wa pikipiki na watu wanaoisukuma unaishia kwenye ringi, na ringi ni chuma kinachokatika kama biskuti.

Kwa hiyo nami sikupiga kiki. Nilitoa plagi, nikamulika tochi ndani. Ukutani mwa silinda palikuwa na mstari wa kahawia, kama alama ya chai kwenye kikombe kilicholala bila kuoshwa, na chini yake mikwaruzo miwili, mitatu, myembamba. Nikamimina oili, nikaziba tundu kwa kitambaa safi. Ndani ya silinda sikugusa kitu kingine siku hiyo.

Mchana uliobaki niliutumia kwenye mafuta. Niliyamwaga ya tangini katika chupa nyeupe ya maji, nikaisimamisha juani. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea na harufu ilikuwa kama ya vanishi. Chini ya chupa vikajikusanya vitone vya maji, na chini ya maji, vumbi la kutu. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi zinazoshika moto haraka huruka, na zilizobaki huungana na hewa na kugeuka gundi. Maji yanatoka hewani. Tangi lililo nusu linapumua: mchana joto linasukuma hewa nje, usiku ubaridi unaivuta ndani pamoja na unyevu wake, na unyevu huo unageuka matone kwenye bati la juu lisilofunikwa na mafuta. Huku kwetu karibu na pwani, masika mawili yanatosha kabisa kula tangi. Anayejua kuwa pikipiki yake itakaa na alijaze tangi mpaka juu.

Tangi nililichukua nikarudi nalo Tanga. Nililitia siki na kipande cha cheni kuukuu, nikalitikisa, nikaliacha usiku kucha. Asubuhi nililisuuza kwa maji, kisha kwa maji yenye bikaboneti ili kuua uchachu wa siki, kisha kwa maji safi, nikalianika juani hadi likakauka kabisa, nikalisuuza kwa petroli kidogo. Bati likikauka bila mafuta huanza kutu mpya siku hiyo hiyo. Cheni uihesabu vipande kabla ya kuitia, na uihesabu ikitoka.

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilitoa siri ya koki. Bakuli lake hubeba petroli kidogo tu. Koki ikifungwa, hiyo kidogo hukauka na kuacha utando mwembamba, mambo yakaishia hapo. Koki ikiwa wazi, kila bakuli linapopungua tangi linaongeza, na kila kinachoongezwa nacho kinakauka. Utando juu ya utando, kwa miezi. Ndani ya bakuli nilikuta kitu kigumu, cha rangi ya asali, king'avu kama sandarusi, na boya, lile linaloelea juu ya petroli bakulini, limenata humo. Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu la kupitishia mafuta. Jeti ndogo, ile ya silensa, ilikuwa imeziba kabisa. Tundu lake halifiki nusu milimita, na ndilo linalolisha injini inapowashwa na inapotulia, hivyo pikipiki yenye jeti kubwa safi na jeti ndogo iliyoziba itapigwa kiki hadi jioni isiitike. Nililowesha vyote katika dawa ya kusafishia kabureta, nikazibua jeti kwa unyuzi mmoja wa shaba laini uliochomolewa kwenye waya mwembamba wa umeme. Mafundi wenzangu wengi hutumia waya wa breki au sindano. Tafadhali waache. Jeti ni shaba. Chuma kinaipanua, na ukishaipanua pikipiki itakula mafuta maisha yake yote na hutajua kwa nini.

Sindano ya boya, inayofunga mafuta bakuli likijaa, ilikuwa na mkunjo kuzunguka ncha yake, na raba imekauka. Maana yake haikuwa ikiziba sawasawa. Nilipoona hivyo nikaacha kabureta mezani.

Niliporudi Muheza, kazi ya kwanza ilikuwa kumwaga oili ya injini. Ilitoka nyepesi kama maji ya kunde, inanuka petroli, na ilikuwa nyingi. Niliipima: lita moja na robo na ushei. Daftari la mzee linasema iliwekwa lita 1, ambayo ndiyo kiasi cha injini hii, na injini haiongezi oili yenyewe. Petroli ilikuwa imevuja kupita kwenye sindano ya boya, ikaingia kwenye njia ya hewa, ikapita valvu iliyosimama wazi hadi ndani ya silinda, ikachuruzika kwenye ringi na kushuka chini. Sehemu yake huenda ni ya zile lita 2 mpya za mpwa. Lakini ile kutu ya silinda haikuzaliwa kwa siku mbili. Petroli ilipokuwa ikipita miezi yote hiyo ilikuwa ikiosha utando wa oili unaolinda ukuta wa chuma, na ukuta ulioachwa mtupu ukashika kutu. Koki wazi, sindano mbovu, oili iliyooshwa, kutu, kiki iliyogoma. Mzee alikuwa ameitaja sababu kabla sijashika spana.

Gurudumu la nyuma lilizunguka kwa mkono, gia ya juu, bila kukwama. Nikafunga kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda. Kabureta lilikuwa bado halijarudishwa, kwa hiyo hewa ilikuwa inaingia bila kizuizi. Kipimo kikasoma psi 70. Injini ndogo ya namna hii, ikiwa na afya, hupita 120. Nikaongeza kijiko kimoja cha chai cha oili, nikapima tena: 110. Jibu hilo linapunguza hofu. Oili huziba mwanya wa ringi, lakini haiwezi kuziba valvu inayovuja. Kipimo kikipanda kwa kiasi hicho, valvu ziko salama na ugonjwa uko kwenye ringi. Ringi zilizonata huachia zenyewe injini ikipata joto, zilizokatika haziachii. Niliamua kutofungua silinda. Wapo mafundi ambao wangeifungua siku hiyo hiyo, na sisemi wamekosea. Mimi niliona mwenye pikipiki ana pesa ya dawa ya mgonjwa ya kufikiria, na kipimo kilinipa sababu ya kungoja.

Baada ya hapo, moto. Plagi ikiwa imelala juu ya silinda, kiki taratibu: giza. Betri ilisoma volti 3.8, na betri ya volti 12 iliyoshuka hivyo kwa miezi mingi haina cha kuokoa. Mpwa akanitazama kana kwamba nimemthibitishia. Nikamrudisha kwenye lile nililolisema mwanzo: kwenye pikipiki hii betri ni ya taa, honi na stata. Kiki haiijui. Zipo pikipiki zinazochukua moto kwenye betri, hasa zile zinazonyunyizia injini mafuta badala ya kutumia kabureta, na huko angekuwa sahihi.

Kwenye CDI kuna waya mweusi wenye mstari mweupe. Ufunguo ukizima, kazi yake ni moja tu, kuupeleka waya huo kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, ili moto ufe. Niliuchomoa, nikapiga kiki. Cheche ya bluu, nene, yenye mlio. Basi CDI nzima, koili nzima, magneti nzima. Kuna mahali waya ule unagusa bodi bila kuamriwa. Tulilifuata fungu la nyaya chini ya tangi hadi shingoni mwa fremu, tukapaona: ngozi ya nyaya tatu imetafunwa, mweusi-mweupe uko uchi, umeegemea chuma. Panya.

Panya anayetafuna waya ana makazi jirani. Nilifungua kasha la chujio la hewa nikakuta kiota: pamba ya godoro, nyuzi za gunia, majani ya mgomba yaliyosagwa. Sponji la chujio lilivunjika mkononi likawa unga. Vaa glavu kwa kazi hii, mkojo wa panya una maradhi. Nikakaa nikafikiri kuhusu zile siku mbili. Lau moto ungekuwepo, na kwa bahati kabureta ingepitisha mafuta, injini ingewaka ikivuta unga wa sponji, ikizungukia oili iliyogeuka petroli, na beringi zake zisingefika Amani wala sokoni. Yale meno ya panya ndiyo yaliyoiokoa. Mpwa alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku ile: "Kwa hiyo kaka, ningeanza wapi?"

Anza kwa kuuliza kama inazunguka. Isipozunguka kwa mkono, usiende mbele. Ikizunguka, mwaga oili uione. Kisha angalia hewa inakotoka, kisha moto, na mafuta yaje mwisho kabisa, mapya, katika tangi safi. Watu wengi huanza na mafuta kwa kuwa ndiyo rahisi kumimina, na kwa kumimina wanausukuma uchafu wote ndani.

Tulirudisha vitu kwa mpangilio huo. Oili mpya lita 1. Nyaya zikafungwa upya na kufunikwa. Chujio jipya, sindano mpya ya boya. Valvu nilizipima injini ikiwa baridi, milimita 0.08, na zilikuwa karibu sana na hapo. Ile plagi ya mpwa ilikuwa mpya kweli. Niliikausha, nikaweka mwanya wa milimita 0.7. Kabla ya kuifunga, tulipiga kiki polepole kama mara 30 bila plagi, ufunguo umezimwa, ili oili ipande hadi kwenye fimbo na valvu zilizokaa kavu miaka miwili.

Choki, koki, kiki. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ikakohoa. Ya nne ikawaka, na moshi mweupe wa ile oili niliyomwagia silinda ukajaa uwanja mzima. Mama wa nyumba akatoka jikoni akidhani kuna moto. Baada ya dakika tano moshi ukapungua, baada ya kumi ukaisha.

Klachi ilikuwa imeshikana, kama nilivyotarajia. Sahani zake hugandana zikikaa, na ukiminya klachi na kutia gia ya kwanza pikipiki inaruka na wewe. Ndiyo maana gia ya kwanza niliitia ikiwa juu ya stendi kubwa, gurudumu hewani. Injini ilipopata joto nikaizima, nikatia gia ya tatu, nikaminya klachi na kuitikisa mbele na nyuma hadi nikasikia zimeachana. Breki za ngoma zilikuwa na kutu, zikapigwa msasa. Tairi la nyuma lilikaa bila upepo juu ya rimu muda wote huo na ubavu wake ulikuwa na nyufa. Tarakimu nne za ubavuni zilisoma 1416, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2016. Hilo halikuwa na mjadala. Vifaa vyote, ukitoa betri na tairi, havikuzidi shilingi 60,000.

Niliichukua kuijaribu kuelekea njia ya Amani. Kilomita ya tatu ikafa. Nikangoja, ikawaka, ikaenda mita mia chache, ikafa tena. Moto ulikuwepo. Nikalegeza skrubu ya bakuli: mafuta yakadondoka, yakapungua, yakakoma, na tangi lina lita 3. Nikafungua mfuniko wa tangi. Hewa ikaingia kwa mlio, fyuuu, na chini mafuta yakaanza kutiririka. Tundu la kupumulia mfunikoni lilikuwa limezibwa na kutu na vumbi. Mafuta yalipotoka hapakuwa na hewa ya kushika nafasi yake, hadi yakagoma kushuka. Kosa hili ni langu. Nililiosha tangi usiku mzima, na mfuniko wake nikauacha mezani bila kuutazama. Nilizibua tundu pale pale barabarani, nikaendelea hadi kilomita 20, haikuzima tena.

Oili niliagiza imwagwe baada ya kilomita 150 tu, kwa sababu ya mabaki ya kutu. Wiki mbili baadaye nilipita tena Muheza na kipimo changu: psi 125. Ringi zimeachia. Mikwaruzo ya silinda itabaki, na siku moja itadai silinda mpya mapema kuliko ilivyostahili.

Siku ile ya mwisho binti alikuwa ametoka shambani na magunia mawili ya machungwa nyuma. Akaizima mbele ya kibaraza, akashusha stendi, akaanza kufungua kamba. Mzee alikuwa amekaa mahali pake. Akainua mkono wa kushoto.

"Koki," akasema.

Binti akaacha kamba, akainama, akaifunga.